Riwaya ya vijana kutoka visasili vya Kigiriki: maswali ambayo waandishi huuliza

Ukurasa huu ni wa mtu anayeandika kwa Kiswahili riwaya ya safari na maajabu kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 17, akichota kwenye visasili vya Wagiriki wa kale. Mfano mmoja utarudi mara kwa mara: Melitta, msichana wa miaka 14 tuliyembuni sisi wenyewe. Ni mmoja wa wasichana saba wanaopakiwa jahazini Athens pamoja na wavulana saba, wapelekwe Krete kuliwa na Minotaur, zimwi lenye mwili wa mtu na kichwa cha fahali.

## Kabla ya kuanza

Kisasili kina tofauti gani na ngano?

Ngano ya Sungura na Fisi, msimulizi na msikilizaji wote wanajua imetungwa. Kisasili ni hadithi ambayo wenyewe waliishika kuwa kweli: asili ya dunia, nguvu za miungu, sababu ya msimu wa baridi, sababu ya mji fulani kuchinja ng'ombe siku fulani. Kwa mwandishi tofauti hii si ya darasani tu. Kwa Melitta, Poseidon, mungu wa bahari, si pambo la hadithi. Kabla chombo hakijang'oa nanga, mtu humwaga divai baharini, na asiyemwaga hutazamwa na wenzake kwa hofu. Wahusika wako wakiwachukulia miungu kama vikaragosi, msomaji naye hatawaogopa.

Nisome nini kwanza?

Anza na muhtasari wa visasili unaobeba jina la Apollodorus. Umeandikwa kikavu, lakini ndani yake utakuta nani mtoto wa nani, nani alipewa nini na kwa sharti gani. Kisha soma utenzi wa Hesiod juu ya kuzaliwa kwa miungu, mistari elfu moja na kidogo, halafu Odisei ya Homer. Ovid mwache mwisho. Ni mtamu mno, ila ni Mrumi wa mwanzoni mwa karne ya kwanza BK, na miungu yake ina majina ya Kirumi: Jupiter, Neptune, Minerva.

Kosa tunaloliona karibu katika kila rasimu ya kwanza ni kuchanganya majina hayo. Hercules ni jina la Kirumi, Herakles la Kigiriki. Ukiandika Zeus, andika Herakles.

Je, nahitaji ruhusa kutumia hadithi hizi?

Visasili vyenyewe havina mwenyewe. Tahadhari ziko mbili. Tafsiri ya kisasa ni mali ya mfasiri, kwa hiyo usinakili sentensi zake. Na vitu walivyobuni waandishi wa riwaya za siku hizi ni vyao. Kipimo ni rahisi: jambo ulilolipenda ukilikuta kwa Homer, Hesiod, Apollodorus au Ovid, ni huru. Usipolikuta kwa wakale, huenda limebuniwa na mtu aliye hai. Buni la kwako.

Riwaya iwe na urefu gani?

Lenga maneno 50,000 hadi 70,000, sura 25 hadi 30. Ushauri wa Waingereza wa maneno 80,000 au 90,000 usiubebe ulivyo, kwa sababu Kiswahili hufunga mengi ndani ya neno moja. "Nitakapomwona" ni neno moja kwetu, kwao ni manne au matano. Hesabu kurasa, usihesabu maneno peke yake.

## Masharti: injini ya safari

Safari yangu ina mazimwi kumi na bado haisisimui. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu huwa lilelile: mazimwi yapo, masharti hayapo. Kwenye visasili vya Kigiriki zimwi haliogofyi kwa ukubwa wake. Linaogofya kwa sababu lina kanuni, na shujaa asipoijua kanuni hiyo nguvu zake ndizo zinazomwangamiza.

Itazame Hydra wa Lerna, joka la majini. Kwa Apollodorus ana vichwa tisa. Vinane vinakufa, cha katikati hakifi. Herakles akiponda kimoja vinaota viwili. Kwa maneno mengine, kadiri anavyopigana vizuri ndivyo anavyoshindwa. Anaponea pale mpwawe Iolaus anapochoma mashina ya shingo kwa vijinga vya moto ili yasiote tena, na kile kichwa kisichokufa kinafukiwa chini ya jabali. Halafu inakuja sehemu ambayo waandishi wengi huiruka, nayo ndiyo tamu: mfalme Eurystheus, aliyempa Herakles kazi za kutimiza, anakataa kuihesabu kazi hiyo kwa sababu Herakles alisaidiwa. Anaikataa pia ile ya kusafisha mazizi ya Augeas, kwa kuwa Herakles aliomba ujira. Kazi zilikuwa kumi. Zikafika kumi na mbili kwa sababu hizo mbili hazikupokelewa.

Sasa chukua mazimwi yako kumi, ubakize matatu. Kwa kila moja andika mistari mitatu kabla ya kuandika tukio lenyewe: kanuni yake ni ipi, mhusika anaijuaje (au anaikoseaje), na ushindi utamgharimu nini sura tatu mbele. Ukishindwa kuujaza mstari wa tatu, lifute.

Kiapo cha Styx kinafanyaje kazi?

Styx ni mto wa kuzimu, na mungu anayeapa kwa maji yake hawezi kutangua. Hesiod anaitaja adhabu kwa hesabu kamili: mungu aliyeapa uongo hulala mwaka mzima bila pumzi wala sauti, haonji nekta wala ambrosia, kisha miaka tisa hutengwa na mabaraza ya wenzake, na karamu pia haruhusiwi. Hurejea mwaka wa kumi.

Kwa mwandishi hii ni hazina. Mungu hafi, kwa hiyo kumtishia kifo hakuna maana. Kumtishia miaka kumi ya kukosa kiti mezani, huku wenzake wakigawana alichokuwa anakishika, kuna uzito. Kosa la kawaida ni kuwafanya wahusika waape kwa Styx kila sura, kama watoto wanavyosema "haki ya Mungu". Weka kiapo kimoja, viwili vikizidi, na kila kimoja kimbane aliyeapa.

Shujaa apewe vifaa vingapi?

Perseus, aliyetumwa kuleta kichwa cha Medusa, alikuwa na vitano: viatu vyenye mabawa, mfuko wa kutilia kichwa, kofia ya Hades ya kumfanya asionekane, mundu mgumu wa Hermes, na ngao ya shaba iliyong'aa. Vitano ni vingi, lakini hakuna hata kimoja kilicholala. Ngao ni ya kumtazamia Medusa bila kukutana na macho yake, mundu ni wa kukatia, mfuko ni wa kufichia kichwa kinachoendelea kugeuza watu mawe hata baada ya kukatwa, kofia ni ya kuwakimbia dada wawili wa Medusa wasiokufa, viatu ni vya safari. Ondoa kimoja, na safari inakwama mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole.

Tena hakuvipata bure. Wale vikongwe watatu, Graeae, walikuwa na jicho moja na jino moja kwa wote, wakipokezana. Perseus alivinyakua vikiwa vinatoka mkono huu kwenda ule, akakataa kuvirudisha mpaka wamwonyeshe njia ya kwa wale nimfu waliotunza viatu, mfuko na kofia. Kaa kidogo kwenye tukio hilo: vikongwe watatu wanapapasa hewani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyelishika jicho. Kisasili kinalimaliza kwa sentensi chache. Riwaya ina nafasi ya kulitengea kurasa nne.

Kwa mhusika wa miaka 14, vifaa viwili vinatosha. Melitta anaweza kuwa na kimoja tu, kipande cha ule uzi ambao Ariadne, binti wa mfalme Minos wa Krete, alimpa shujaa Theseus ili asipotee akimfuata Minotaur.

Mhusika anaingiaje kuzimu, na anatokaje?

Kuingia si kazi. Shida iko kwenye kutoka, na milango ya kutokea ina miiko miwili mashuhuri. Wa kwanza ni kutokula: Persephone, msichana aliyetekwa na Hades, alikula kokwa za komamanga, kwa hiyo hurudi kuzimu kila mwaka, theluthi moja ya mwaka kwa simulizi ya zamani zaidi, nusu mwaka kwa Ovid. Wa pili ni wa Orpheus, mwimbaji aliyemfuata mkewe kuzimu: usigeuke nyuma.

Kuhusu nauli ya mvushaji Charon, ile sarafu ya kinywani mwa maiti, kumbuka kwamba Homer hamtaji Charon kabisa, na sarafu zilianza kutumika Ugiriki karne nyingi baada ya zama wanazowekwa akina Minos. Unaweza kuitumia, kwani wakale wenyewe walichanganya zama. Ila amua mapema: kama kuna sarafu kuzimu, ziwepo sokoni pia.

Ukarimu kwa wageni una uzito gani?

Mkubwa mno, na msomaji wa Kiswahili ataushika upesi. Mgeni yuko chini ya ulinzi wa Zeus. Desturi inayoonekana kwa Homer ni kwamba mwenyeji humnawisha mgeni mikono, humlisha, ndipo amuulize jina na anakotoka. Sisi tuna methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Odisei inakuonyesha mgeni akishiba kwanza, maswali baadaye. Ndiyo maana tukio la Polyphemus linatisha hata kabla damu haijamwagika: zimwi linauliza kwanza "ninyi ni nani?", kisha badala ya kulisha wageni linawala.

Ukitaka kumjulisha msomaji kwamba nyumba fulani si salama, geuza mpangilio huo. Melitta afike, aulizwe jina mlangoni, chakula kisitajwe. Hutahitaji radi wala upepo wa kutisha.

## Lugha

Majina niyaandikeje?

Yaache yalivyo zoeleka kimataifa: Zeus, Athena, Theseus, Ariadne. Biblia ya Kiswahili ina Zeu, Herme na Artemi, na ni majina mazuri, lakini ukiyatumia hayo matatu itakubidi uyabadilishe na mengine yote kwa mtindo huo. Mji mwite Athens, usimwite Athene, la sivyo msomaji atauchanganya na mungu Athena. Hades ni mungu. Mahali pake paite kuzimu. Lile jumba la njia za kupoteza watu, anamokaa Minotaur, lina neno letu zuri la zamani, mzingile. Lieleze mara moja, kisha litumie bila woga.

Mazimwi yote yaingie ngeli ya watu na wanyama: Minotaur alinguruma, si "kilinguruma", hata msimulizi akiwa anamchukia. Ni mtoto wa malkia Pasiphae, na sarufi yako imkumbushe msomaji hilo.

Nafsi ya tatu ya Kiswahili haisemi kama ni mume au mke. Nifanyeje?

Furahi. Kwenye Odisei, Athena anafika nyumbani kwa Telemachus, mwana wa Odysseus, akiwa na umbo la Mentes, mwanamume chifu wa ng'ambo. Anayeandika Kiingereza lazima aamue aandike kiwakilishi cha kiume au cha kike, na akiamua ameshafichua au ameshadanganya. Wewe unaandika "aliketi", "akasema", "macho yake yalikuwa ya kijivu", sura nzima, na hujasema uongo hata neno moja. Mungu akijidhihirisha mwishoni, msomaji akirudi nyuma atakuta kila sentensi inasimama.

Chunga maneno yanayovujisha siri: bwana, bibi, kaka, dada, ndevu. Pia chunga eneo lenye wahusika watatu wa "a-". Hapo taja jina au kazi ya mtu ("yule nahodha") kila unapohama, maana "alimwambia kwamba atamwua" inaweza kumaanisha mambo manne.

Melitta amsalimieje mfalme? Aseme shikamoo?

Hapana. Mwache aifanye kwa mwili. Mwombaji wa Kigiriki hupiga magoti, huyashika magoti ya anayeombwa na kuinua mkono hadi kidevuni pake. Thetis, mungu wa baharini, alimfanyia Zeus hivyo, mkono wa kushoto magotini, wa kulia kidevuni. Msomaji wetu, ambaye shikamoo yake inatoka kwenye "nashika miguu", ataisikia salamu hiyo bila kutajiwa. Neno lenyewe ukiliweka kinywani mwa Melitta, Krete inageuka Bagamoyo ghafla.

## Mazingira

Wahusika wale nini?

Mkate na uji wa shayiri, zeituni, tini, jibini la mbuzi, samaki, dengu, vitunguu, asali. Divai hunywewa ikiwa imechanganywa na maji. Nyama huliwa zaidi siku ya kafara: miungu hupata mifupa ya mapaja iliyofunikwa mafuta na kuchomwa, watu hupata minofu. Mgawo huo wa ajabu una kisa chake, hila ya Prometheus, nacho kinafaa kusimuliwa kando ya moto.

Visiwepo: mahindi, nyanya, viazi, pilipili za kuwasha, maharage ya kwetu. Vyote hivyo vilitoka Amerika baada ya 1492. Sukari pia haipo.

Safari ya baharini nichoree kwa kiasi gani?

Kwa kiasi cha mtu anayejua kwamba upepo ndio unaopanga msuko. Athens hadi Krete ni kama kilomita 300, na kiangazi upepo wa eneo hilo huvuma kutoka kaskazini. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi ya makasia. Chombo cha mashujaa kina wapiga makasia 50 hivi, hakina vyumba, na usiku kikiweza huvutwa ufukweni watu walale mchangani. Hesiod anasema msimu mzuri wa kusafiri ni siku 50 baada ya jua kugeuka kiangazi. Msomaji wa pwani anayejua kusubiri kusi au kaskazi ataelewa papo hapo kwa nini watu 14 wanaweza kukaa kisiwani wiki tatu wakitazama tanga lisilojaa. Wiki hizo tatu ndizo za kuwajenga wahusika, kwa hiyo usiziruke kwa "baada ya majuma kadhaa".

## Maswali magumu

Masimulizi yanapingana. Lipi ndilo sahihi?

Hakuna moja sahihi, na Wagiriki hawakutaka liwepo. Kwa Hesiod, Medusa ni mmoja wa dada watatu wa Gorgon, na yeye pekee ndiye anayeweza kufa. Kwa Ovid alikuwa msichana mwenye nywele nzuri, Neptune akambaka hekaluni mwa Minerva, na Minerva akamwadhibu yeye aliyeonewa. Huwezi kushika yote mawili kwenye kitabu kimoja. La kwanza linakupa zimwi, la pili linakupa dhuluma. Chagua kabla ya sura ya kwanza, maana uchaguzi huo unaamua kama Perseus wako ni shujaa au ni mtu aliyetumwa kufanya jambo asilolijua.

Nifanye nini na ubakaji na ukatili uliojaa humo?

Usiupambe na usiufute. Ukiandika kwamba mungu "alimpenda" msichana aliyekuwa anamkimbia, umewafundisha wasomaji wa miaka 13 uongo wa hatari. Tukio halina haja ya kuonyeshwa. Sentensi moja ya wazi kutoka kwa aliyetendewa inatosha, kisha riwaya ikae na matokeo: nani alimwamini, nani alimfukuza.

Mzazi atasema ninafundisha ibada ya miungu. Nimjibuje?

Mjibu kwa heshima, kwa sababu hofu yake ni ya kweli. Kusimulia imani ya watu wa kale si kuiabudu. Hata Matendo ya Mitume 14 inasimulia watu wa Listra walivyomdhani Barnaba kuwa Zeu na Paulo kuwa Herme, mpaka kuhani akaleta ng'ombe na mashada. Upande wa dini yake, kiongozi wake wa imani ndiye wa kumshauri. Upande wako, hakikisha kitabu hakimwaliki msomaji kufanya tambiko lolote, na usiandike dua kwa Zeus kama maandishi ya kukariri.

Ni kweli sanduku la Pandora halikuwa sanduku?

Kweli. Kwa Hesiod ni mtungi mkubwa wa kuhifadhia chakula. Sanduku liliingia karne ya 16 kupitia Kilatini cha Erasmus. Tumia mtungi: ni sahihi, na kila nyumba ya wasomaji wetu inajua maana ya kukuta mtungi wa akiba umefunuliwa.

Naweza kuileta hadithi pwani yetu?

Unaweza, na kiungo kipo. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK unaitaja pwani ya Azania na soko lake la mwisho, Rhapta, lililopata jina kutokana na mashua zilizoshonwa, ndugu wa mitepe yetu iliyofumwa kwa kamba bila misumari. Meno ya tembo na magamba ya kasa yalisafirishwa kutoka hapo. Mahali ilipokuwa Rhapta wataalamu wanabishana hadi leo, na hilo linakupa uhuru wa kuijenga.

Angalia zama tu: Rhapta ya mwongozo huo na Krete ya Minos zimepishana zaidi ya miaka elfu. Baharia wa Kigiriki anayefika Rhapta anamjua Minotaur kama wewe unavyomjua, yaani kwa kusimuliwa. Hadithi ya baharia anayemsimulia mtoto wa fundi wa mashua, kisha kitu kikaanza kunguruma mikokoni, inasimama bila kuvunja historia. Kumleta Theseus mwenyewe Rhapta hakusimami.

Msomaji anajua mwisho. Nitamshtuaje?

Badilisha anayetazama. Wote wanajua Theseus aliahidi kupandisha tanga jeupe akirudi hai, akasahau, na baba yake Aegeus alipoona tanga jeusi akajitupa. Lakini chomboni walikuwamo watu wengine. Ariadne wamemwacha Naxos siku chache tu nyuma, amelala. Melitta amekaa omoni mwa chombo, mgongo kwenye kitambaa cheupe kilichokunjwa ambacho hakuna aliyekifungua, na nchi ya Attika imeanza kuonekana. Analiona tanga jeusi juu ya kichwa chake. Anakumbuka ahadi, maana alikuwapo ilipotolewa. Na bado anamfikiria yule aliyeachwa mchangani.

Andika sura nzima juu ya dakika hizo, kabla hajafungua mdomo au kabla hajaamua kuufunga.